Riwaya? Mie Nilishamaliza Skuli!

 Najua nimepotea. Kazi zilikuwa nyingi, na uvivu nao ulikuwepo, nisiwadanganye. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hiyo asiyependa kelele apite kando, ataniona siku nyengine nikiwa nimepoa.

Mambo yalianza hivi. Jioni moja tulikaa Forodhani: waandishi wa habari watatu, mwalimu mmoja wa sekondari na dada mmoja wa benki. Mishikaki tumeshamaliza, juisi ya miwa imebakia barafu tu, na mazungumzo yameshakauka. Nikatupa swali la kupitisha wakati. Kila mtu aseme anasoma riwaya gani sasa hivi, na anaionaje.

Mmoja akamtaja Chimamanda Ngozi Adichie, akasema anaandika vizuri, basi. Mwengine akasema ana kitabu cha kijasusi cha Kimarekani alichokinunua uwanja wa ndege wa Dubai, jina la mwandishi kalisahau, na la kitabu pia. Dada wa benki akasema yeye anasoma vile vitabu vya kukufundisha kuwa tajiri, je vinahesabika? (Havihesabiki, dada'ngu. Nakupenda, lakini havihesabiki.) Nikauliza, na ya Kiswahili je? Kimya. Halafu mwalimu, MWALIMU jamani, akacheka akasema: "Riwaya? Mie nilishamaliza skuli!"

Tukacheka wote. Na mie nilicheka. Lakini nimelala nimeamka, ile kauli inaniwasha kama upupu. Kwa sababu yule bwana hakutania. Kwake yeye, na kwetu sote tuliokaa pale, riwaya ya Kiswahili ni kitu cha skuli kama vile sare na kengele. Ukishapewa cheti unaiacha getini.

Wiki ya pili yake kazi ikanipeleka Kizimkazi. Wageni wa blogu hii, Kizimkazi ni huko kusini kabisa mwa Unguja, anakotoka Rais Samia, aliyezaliwa mwaka 1960, na penye ule msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 kwa hesabu ya Miladia. Siku hizi wageni wengi hawafuati msikiti, wanafuata pomboo. Mie nilitumwa kuandika habari za mashua za pomboo. Nikafika Mkunguni asubuhi, bahari imetulia, watalii bado wanakunywa chai hotelini.

Chini ya mti palikuwa na nahodha mmoja, mtu mzima wa makamo, kofia kichwani, kakaa juu ya dumu anasoma kitabu. Kilikuwa hakina jalada. Nikadhani ni kitabu cha dini, nikatoa salamu kwa adabu nikakaa pembeni. Kumbe ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi! Na hakuwa anakisoma kwa utulivu. Alikuwa anagombana nacho. Anasoma ukurasa, anakifunga kwa kidole ndani, anamgeukia mwenzake aliyekuwa akiziba mashua.

"Mie nakwambia huyu Denge hampendi mtu," akasema. "Anaipenda siasa yake. Mtoto wa watu kaacha mume, kaacha kwao, jamaa zake wamemtupa, kisha mwanamme mwenyewe leo yupo kesho hayupo."

"Sasa ulitaka akae ndani amchambulie mchele?" fundi akamjibu bila ya kuinua kichwa. "Mzungu angeondoka vipi?"

"Aondoke Mzungu na apendwe mke. Kwani haviwezekani vyote viwili?"

"Wewe mwenyewe unatoka alfajiri unarudi usiku. Nani kakwambia humpendi mkeo?"

Hapo akadakia kijana mmoja anayekodisha miwani ya kuzamia, akasema tatizo si Denge, tatizo ni wazee waliomwoza msichana mdogo kwa mzee Raza, na kwamba mpaka leo wazee wa namna hiyo wapo na anawajua kwa majina. Majina nusura ayataje. Nahodha akamnyamazisha, "mwanangu, sisemi ya mtaani, nasema ya kitabuni," na kijana akamjibu kwamba ya kitabuni yametoka mtaani. Wakaendelea hivyo, nadhani nusu saa. Watalii wa Kitaliano walishafika na maboya yao wamevaa, wakaambiwa wasubiri kidogo.

Mimi nina shahada, jamani. Nilikisoma kitabu kile Kidato cha Tano. Na katika nusu saa ile sikuwa na la kusema hata moja. Nilikumbuka kwamba Yasmin ni mhusika mkuu na kwamba mwandishi kafaulu kutumia tamathali za semi. Nani angenisikiliza pale chini ya mti kama ningefungua mdomo nikasema mwandishi kafaulu kutumia tamathali za semi?

Nikamwomba nahodha nikitazame kitabu. Kilikuwa cha binti yake, alikuwa nacho skuli. Kurasa za mwanzo zimejaa penseli. Pembeni imeandikwa dhamira: mapenzi. Dhamira: ukoloni. Chini, nafasi ya mwanamke, imepigwa mistari miwili. Penseli inakwenda hivyo mpaka ukurasa wa 64, kisha imekatika. Kuanzia hapo kurasa ni nyeupe pee, nyengine zimegandana. Baba mtu akanambia binti alipofika hapo mwalimu aliwapa notisi za kitabu kizima, karatasi tatu, basi hakukuwa na haja tena. Alifaulu vizuri, alhamdulillahi, yuko chuo.

"Huku mbele hakuna alama," akasema nahodha. "Nimekwenda peke yangu."

Naomba nieleweke. Simlaumu binti, maana nami nilifanya hivyo hivyo. Sisi sote tuliopita sekondari Tanzania tuna karatasi zetu tatu. Kwa miaka mingi kila mtoto wa Kidato cha Tatu na cha Nne kabebeshwa Takadini, Joka la Mdimu na Watoto wa Mama Ntilie, akipanda juu anabebeshwa Vuta N'kuvute, Mfadhili, Usiku Utakapokwisha. Ni vitabu vizuri. Hebu tafuta mtu mzima mmoja aliyevipitia skuli umuulize ALIKIPENDA kipi na kwa nini, uone atakavyokukodolea macho. Hajawahi kuulizwa. Aliulizwa aainishe, alinganishe, athibitishe.

Athibitishe! Hilo ndilo neno linaloniua. Mtihani unakuja umeshaamua: fasihi ni kioo cha jamii, thibitisha kwa riwaya mbili ulizosoma, hoja tatu kila kitabu. Wewe kazi yako ni kwenda kitabuni kama polisi na hati ya upekuzi, utafute hoja tatu, utoke. Huwezi kuandika kwamba riwaya ile ilikuchosha katikati. Huwezi kuandika kwamba unamchukia mhusika anayesifiwa, au kwamba ulilia ukurasa fulani na mpaka leo hujui kwa nini. Hakuna maksi zake. Basi mtoto mwenye akili anajifunza haraka kwamba maoni yake juu ya riwaya hayana thamani. Miaka 10 baadaye tunamuuliza Forodhani, unasoma riwaya gani na unaionaje, kisha tunashangaa hana la kusema!

Najua kuna walimu wazuri. Mmoja alinisomesha, alikuwa akitusomea kwa sauti mchana wa joto na tukisahau kusinzia. Lakini na yeye alikuwa na mtaala wa kumaliza na wazazi wa kuwaridhisha.

Haya, sasa niwageukie wenzangu wa kalamu, maana hasira yangu kubwa iko huku. Kuna wimbo tunaupenda sana sisi waliosoma: Waswahili hawasomi. Tunauimba kwenye semina, redioni, kwenye safu za magazeti. Ukitaka kumficha kitu Mwafrika kiweke kitabuni, ha ha ha. Mie mwenyewe nimeshawahi kuuandika mstari huo, Mungu anisamehe, tena nikauona mkali.

Sasa nikwambieni nilivyolala Kizimkazi usiku ule. Nilikwenda kwa shangazi yangu, Dimbani. Shangazi skuli hakufika mbali na macho yamepungua nguvu. Baada ya Isha wakaja majirani wanne, wakatandika mkeka uani, na mjukuu wa miaka 13 akafungua simu akaanza kuwasomea hadithi ya WhatsApp. Sehemu ya 23! Hizi hadithi mnazijua, zile za vipande vipande, kipande kinakatika mtu anapotaka kufungua mlango. Zamani zilikuwa magazetini, unakata ukurasa unauweka chini ya godoro mpaka Jumanne ijayo, mwisho wake imeandikwa itaendelea. Kiswahili chake kinapwaya, mwandishi wake humjui, na kila mwanamke ndani yake ni mrembo kama malaika au mchawi.

Lakini hebu sikiliza ule uani. Mtoto anasoma, wanawake wanamkatiza. Mmoja anasema mke yule mjinga, angeondoka zamani. Wa pili anamuuliza aondoke aende wapi, kwao wamemuuza. Shangazi anasema nyie hamjamfahamu mama mkwe, yule anaogopa kubaki peke yake, ndo maana ana inda. Nikashtuka. Hiyo ni hoja, na nzuri, na hakuna karatasi tatu zilizompa. Mtoto akiruka aya wanamrudisha, "soma vizuri, usitukimbize." Kama hawa si wasomaji, basi mie sijui msomaji ni nani.

Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wanasoma wanachokipata na wanasema wanachokiona. Sisi tunasoma cha kuonekana nacho. Nasema sisi kwa sababu nimo ndani mpaka shingoni, na ushahidi nautoa mwenyewe.

Tarehe 7 Oktoba 2021. Mnaikumbuka? Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa 1948, kashinda Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Simu zikalia, chumba cha habari nilichokuwepo kikapigwa na butwaa, na mhariri akasema anataka maneno 800 kabla ya jioni. Nikayaandika kwa saa mbili. Fahari yetu, mwana wetu, kisiwa chetu kidogo kimetikisa dunia. Nikaeleza hata mtindo wake wa uandishi. Wasomaji wangu, siku ile nilikuwa sijasoma ukurasa MMOJA wa Gurnah. Wala mhariri. Wala, nadhani, aliyegombana nasi redioni siku ya pili kuhusu kama Gurnah ni Mtanzania au Mwingereza. Nchi nzima ilibishana juu ya pasi yake ya kusafiria na hakuna aliyebishana juu ya vitabu vyake, kwa sababu ili ubishane juu ya kitabu lazima ukifungue.

Paradise alikitoa mwaka 1994, kikaingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka ule ule. Kwa Kiswahili kimekuja 2022, kwa jina la Peponi, kafasiri Ida Hadjivayanis, wachapishaji Mkuki na Nyota. Miaka 28! Hadithi inayoanza katika mji mdogo wa huku kwetu, watu wake Waswahili na misafara yao, imechukua miaka 28 na Nobel kufika kwa Waswahili. Na sasa imefika, nani kaisoma? Nilipozunguka Mji Mkongwe kuitafuta, maduka ya njia za watalii yalinitolea Gurnah wa Kiingereza wa kila rangi. Peponi niliagizia Dar, ikaja na boti.

Na Gurnah angalau kapigiwa makofi. Muhammed Said Abdulla je? Huyu kazaliwa Makunduchi, 1918, jirani tu na Kizimkazi. Alikuwa MWANDISHI WA HABARI kama sisi. Kahariri gazeti la Zanzibari, kisha jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968, na katikati ya kazi hizo kamuumba Bwana Msa na kiko chake, mtu anayekaa kimya akafikiri wakati wenzake wanapiga ramli. Mzimu wa Watu wa Kale ilichukua zawadi ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957 na 1958, ikachapwa 1960. Maiti inakutwa mzimuni, kila mtu anaogopa mashetani, na Bwana Msa anatafuta mtu. Halafu zikafuata Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyenginezo. Nilipowauliza wenzangu wa Forodhani, waandishi wa habari watupu, nani anamjua, mmoja tu alisema jina analisikiasikia. Yule wa kijasusi cha Dubai hakujua kwamba Unguja ilikuwa na mpelelezi wake kabla ya Mapinduzi.

Sina ugomvi na Kiingereza, msije mkanibandika. Adichie nampenda, Half of a Yellow Sun niliisoma mpaka umeme ukakatika nikaendelea kwa tochi. Ugomvi wangu ni na huo unafiki wa kusema Kiswahili lugha yetu kila tarehe 7 Julai, siku ya Kiswahili duniani, tunavaa vitenge tunapiga picha, na hakuna kati yetu anayeweza kusimama akasema nimemaliza Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed na mwisho wake sikubaliani nao. Said Ahmed Mohamed, aliyeandika Utengano, Babu Alipofufuka na Dunia Yao, alisomesha miaka mingi chuo kikuu cha Bayreuth. Wajerumani wanamfanyia semina. Sisi tuna notisi.

Mtanambia vitabu havipatikani. Hilo nalikubali nusu, na nusu hiyo inauma. Vuta N'kuvute unaipata kwa wauza madaftari kwa sababu imo katika mitihani. Orodha ile ile inayotuchukiza na vitabu ndiyo inayofanya vichapwe. Kitabu kikishatolewa, mchapishaji hana sababu ya kukirudia, kwa kuwa nje ya skuli hakuna mnunuzi. Mnunuzi ni nani? Ni mimi na wewe na dada wa benki. Hatujanunua. Mchapishaji hawezi kuishi kwa fahari yetu.

Mtanambia pia ghali. Juisi mbili na kinywaji cha kahawa yenye povu pale Shangani, mnakokwenda kupiga picha, zinazidi bei niliyoitolea Peponi. Nimepiga hesabu, msinibishie.

Kuna kitu kimoja zaidi cha Kizimkazi nilisahau. Hoteli niliyokwenda kuwahoji watalii ina kabati la vitabu sebuleni, wageni wanaacha walivyomaliza na kuchukua vyengine. Nikahesabu kwa udadisi: Kitaliano, Kijerumani, Kifaransa, Kiingereza, kimoja sijui cha nchi gani. Cha Kiswahili hakuna. Nikamuuliza mfanyakazi, yeye huwa anasoma? Akasema anapenda sana, ila hivi si vyetu. Nikatamani nimwambie kwamba kilomita chache tu kutoka pale kazaliwa mtu aliyewaandikia Waswahili riwaya saba za upelelezi. Sikumwambia, kwa sababu angeniuliza vinapatikana wapi.

Nirudi kwa nahodha. Siku ile kabla hajaondoka na Wataliano wake aliniuliza, "Huyu bwana Adam Shafi kaandika nyengine?" Nikasema ndiyo, Kuli, Haini, Kasri ya Mwinyi Fuad. Akauliza Kuli inahusu nini. Nikamwambia mgomo wa makuli wa bandarini, 1948. Akaniuliza, "Wewe uliionaje?" Nikababaika. Kuli nilikuwa naijua kwa karatasi tatu. Nikamwambia ukweli kwamba sijaisoma. Hakunicheka. Alisema tu, "Basi tuitafute," akasukuma mashua.

Peponi yangu nilipoimaliza nilimpelekea. Juzi usiku ikaja sauti yake kwenye simu, dakika nne, nyuma mawimbi yanasikika. (Ambao hamjafika mwisho wa kitabu rukeni aya hii na inayofuata.) Kakasirika! Anasema mtoto Yusuf kawekwa rehani na baba yake mzazi, kavumilia dukani kwa Aziz, kavumilia safari ya bara na maradhi yake, na siku ya mwisho, mlango uko wazi, anakwenda kuwakimbilia Wajerumani na jeshi lao. Anasema huo ni wazimu, mtu kutoka utumwa huu kuingia ule kwa miguu yake mwenyewe, na mwandishi alikuwa na haki gani kumfanyia mtoto hivyo?

Nimemjibu kwamba hapana, baba, Yusuf kila mahali alikuwa mali ya mtu, na ile mbio ndiyo mara ya kwanza katika kitabu kizima kuamua mwenyewe pa kwenda, hata kama ni pabaya. Akaniletea sauti nyengine, fupi: "Kuamua vibaya kuna faida gani?" Sijapata jibu mpaka sasa. Nimeirudia sura ya mwisho mara mbili, na jana daladala ilinipitisha kituo kwa sababu hiyo.

Kuli nimeipata nakala moja kwa mzee mmoja wa Michenzani, kurasa zimekuwa za manjano. Tumekubaliana mie nianze kisha nimpelekee mwisho wa mwezi. Niko ukurasa wa 112, na kila siku ananiuliza nimefika wapi.